Historia Fupi ya Judica

Bombambili, Songea
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa Dada Wema,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limekubali tena kukupeleka shambani. Sisi huku hatujambo. Shukuru hajalazwa tangu Pasaka, anakula na kubishana. Agape amerefuka, ananifikia begani. Mimi nipo tu. Watu wakiniuliza, Baba Agape vipi, nasema salama, na wala si uongo, maana siumwi popote. Naamka, naenda kazini, narudi, nalala. Juzi nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa hadi nusu kikombe ndipo Agape akaninyang'anya.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nakujua, dada yangu. Neno likikuchoma unasema mtandao unasumbua, halafu simu inakatika. Karatasi haikatiki.

Kwanza nikujibu kuhusu masomo, kwa kuwa kila ukipiga unaniuliza lini watoto watarudi shule kama watoto wa wenzao. Unajua marehemu mke wangu aliacha ualimu ili amfundishe Shukuru nyumbani, sababu ugonjwa wa selimundu ulikuwa unamlaza hospitali kila mara, na Agape naye akang'ang'ania kubaki na mdogo wake. Nimeamua kuendeleza alichoanza Judica, angalau kwa mwaka huu. Hesabu na sayansi nazimudu, bwana shamba nami si mjinga kiasi hicho. Kasheshe ilikuwa historia.

Mtaala wa historia aliletewa na rafiki yake aliyekuwa ughaibuni, na umetungwa kwa watoto wadogo. Ni mafarao wa kupaka rangi, ngome za kukata kwa mkasi, mataji ya karatasi. Wakati ule Shukuru alikuwa na meno ya utoto, akaupenda. Sasa ana miaka kumi na miwili, na dada yake kumi na minne. Siku ya kwanza nilipowapa gundi na mkasi, Shukuru aliniuliza kwa adabu kabisa kama na mimi nitavaa taji. Nikajua hapa nimechemsha.

Basi nikaupogoa mtaala kama mkorosho. Nikaacha shina, yaani mpangilio wa nyakati, nikaondoa mambo ya kitoto. Palipokuwa na picha ya kupaka rangi nikaweka maswali matatu: nani anasimulia, je, alikuwepo, na amenyamazia nini. Nikaingiza Vita ya Maji Maji, maana mule haikuwemo kabisa. Tulikwenda makumbusho pale Mahenge, hapahapa mjini, tukasoma majina ya walionyongwa. Agape akauliza wake zao walikula nini baada ya Wajerumani kuchoma vyakula. Hapo nikawa na la kusema, nikawaeleza kwamba mbegu ikishaliwa, hata mvua ikinyesha haina kazi. Walinisikiliza. Nilifundisha vizuri siku ile, dada, ila niliona kama anayefundisha ni mtu mwingine, na mimi nimekaa nyuma nasubiri amalize.

Wiki iliyofuata ndipo nilipojitia matatani. Niliwaambia kila mmoja achague habari moja ya nyumbani kwetu, atafute masimulizi mawili na kuyalinganisha. Nilidhani watachagua habari ya upepo ulivyoezua paa letu, na kweli Shukuru alichagua paa. Agape alichagua historia fupi ya marehemu, ile uliyoiandika wewe ukaisoma mbele ya jeneza pale Mpitimbi. Nilitaka kumkataza, nikakosa nguvu za kukataza.

Shahidi wake wa pili alikuwa Mwanaheri, yule jirani yetu wa enzi zile nilipokuwa kituo cha Nakapanya. Siku hizi analeta korosho hapa mjini na hupita kutusalimu. Agape alimsomea ulivyoandika: alizaliwa Same, akasomea ualimu, akaolewa, akajaliwa watoto wawili. Mwanaheri akasema astaghfirullah, mbona mmemwacha mmoja? Alidhani sote tunajua. Mimi nilikuwa palepale nachambua maharage.

Ninachojua mimi ni hiki. Mimba ya kwanza nilikuwa safarini Masasi kwenye mafunzo, na wewe ulikuja kumsaidia wifi yako. Niliporudi uliniambia mimba imeharibika, wanawake wameshamaliza, mwanaume haulizi. Sikuuliza. Ndivyo tulivyolelewa, kichanga huzikwa na wanawake na baba hapajui mahali. Judica naye hakusema neno, nikadhani kunyamaza ndiko kunakomfaa.

Mwanaheri akaeleza taratibu kwamba haikuharibika. Alizaliwa mtoto wa kiume, akalia, akanyonya, akaishi hadi kesho yake jioni. Na mama yake alimpa jina. Agape akauliza jina gani.

"Baltazar," Mwanaheri akasema. "Alisema ni jina la babu yake."

Dada, unakumbuka Shukuru alipozaliwa? Nilitaka aitwe Baltazar, kama baba yetu, na Judica akakataa katakata. Nikamnunia. Nikamwambia anaudharau ukoo wetu kwa sababu si wa kwao. Kumbe jina lilikuwa na mwenyewe.

Nilimaliza yale maharage, nikayapika, tukala. Agape aliniuliza kama nina hasira na shangazi, nikamjibu bado sijaiona, nikiiona nitamwambia. Labda Judica mwenyewe ndiye aliyekusihi usiseme. Labda uliogopa nitaumia. Hayo utaniambia tukiwa tumekaa.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Mwezi ujao tunajengea kaburi la Judica, na watu watakusanyika tena. Agape ameandika historia fupi upya na anataka aisome yeye. Imeandikwa kwamba mama yake alijaliwa watoto watatu, Baltazar, Agape na Shukuru. Ameacha nafasi tupu mahali pa kusema mtoto wa kwanza amelala wapi. Mwanaheri alibaki ndani na mzazi siku ile. Waliokwenda kuzika ni wewe na mkunga, na mkunga ameshafariki. Umebaki shahidi pekee, dada. Nakuomba twende Nakapanya mimi na wewe kabla ya siku hiyo, unioneshe mahali. Kama pamelimwa, nioneshe hilo shamba. Nitachota udongo nimletee mama yake.

Jana nilikaa peke yangu uani nikalitamka lile jina kwa sauti. Nikalirudia kama baba anayemwita mwanawe aje kula, na uchungu wa kumkosa ukanijia. Ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu tumzike Judica. Kinauma, na sitaki kiondoke.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Watoto wanakuamkia, Shukuru anasema umtunzie mahindi mabichi ukipata. Nauli ya kuja usijali, nitakufuata mwenyewe. Wewe uniambie siku tu, na tafadhali usiseme mtandao unasumbua.

Mdogo wako,
Bartolomeo,
Baba Baltazar