Baba, Inchi Yako Tumeipunguza

Mwaka mzima umetimia sasa, Baba, tangu Alhamisi ile asubuhi ulipotutoka huku suruali ya mteja ikiwa bado chini ya sindano ya cherehani. Mkeo, mama yetu, aliimalizia mwenyewe. Mwenye suruali akaja, akaijaribu pale pale, akasema haijapata kumkaa vizuri namna hiyo. Mguu mmoja ulikuwa mfupi na kila mtu aliuona. Tulimpenda sana yule bwana siku ile.

Tunakukumbuka dukani, kipande cha chaki sikioni, pini mdomoni, ukiwajibu watu kwa kuguna. Uzi uliobaki hukuutupa hata siku moja. Ulikwenda kwenye kopo pamoja na manyoya ya bata wa jirani, na ukipata nafasi ulivifunga hivyo juu ya ndoano, kidogo kidogo, mpaka kikatokea kitu ambacho samaki angeapa ni nzi aliyetua majini. Wajukuu nao waliapa. Mmoja alikikimbilia na kandambili akitaka kukiua.

Mkeo alikuwa na kitendawili chake cha kila Jumamosi ya mtoni. Akikuona unaingia, suruali ya mpira imefika kifuani, alikutegea mlangoni: kaondoka na nzi, karudi bila samaki, na bado anacheka. Wewe ulikuwa ukijibu, "Mimi huyo, mama watoto. Kuna chai?"

Maana chama chenu cha kuvua kwa nzi wa bandia kilikuwa na sheria moja: samaki akipatikana apimwe upesi, aandikwe daftarini, arudishwe majini angali mzima. Mkeo alisema mnawasumbua tu viumbe wa watu. Lakini alijua mlichokuwa mkikifuata. Mlivua saa moja, kisha mkakaa kwenye majani na chupa za chai na mayai ya kuchemsha, mkasimuliana mpaka jua likageuka. Mwalimu mkuu mstaafu, katibu wenu, anasema alipofiwa na mumewe alijifungia ndani miezi minne. Ukaenda kumgongea, ukampa fimbo ya kuvulia, ukamwambia umekuja kwa sababu daftari la chama linahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri. Hadi leo daftari liko kwake.

Na daktari wa meno, mwanachama mwenzako. Miaka kumi na tisa mlikwenda mtoni pamoja na kubishana njia nzima. Samaki mkubwa kuliko wote daftarini alikuwa wake, inchi ishirini na moja, na hakukupa nafasi ya kusahau. Alikuwa akikwambia, "Fundi, wewe shona. Samaki hawavai suruali." Wewe ukimuuliza kama yule wake alikuja mwenyewe kung'olewa jino.

Kisha ukampata wako. Mlimlaza kwenye majani mabichi, daktari mwenyewe akakunjua futi yako ya kamba, akasoma: ishirini na moja na nusu. Samaki akarudishwa. Ulirudi nyumbani ukitembea kama bwana harusi.

Jumatatu ulikuwa unampima mteja kiuno. Ukasoma, ukaondoa moja kama kawaida yako, mkono ukasimama. Futi ile ilichakaa nchani zamani, ukaikata inchi ya kwanza na kuipindia vizuri, na tangu hapo kila kipimo ulikipunguza moja kichwani bila hata kufikiri. Kwa furaha ya siku ile, samaki hukumpunguza.

Wiki tano ulinyamaza. Daktari akawa anafunga kliniki mapema, anashinda majini na magoti yake mabovu akimtafuta wa kukupita. Jumatano ukamwambia mkeo, "Yule samaki ni ishirini na nusu. Jumamosi kwenye mkutano nitasimama niseme." Alhamisi ukaondoka.

Mkeo alilibeba neno hilo mwaka mzima. Mwezi uliopita katibu akaja kutuambia chama kinachonga ubao wa samaki mkubwa kuliko wote, wa kuweka mtoni, jina lako na ishirini na moja na nusu. Mkeo akatueleza. Tulibishana, Baba, hatukufichi. Kaka mkubwa alisema mtu keshalala, inchi moja itamuumiza nani.

"Yeye," mkeo akasema. "Amepunguza inchi hiyo kwenye kila kiuno cha mji huu, leo nimwache azidishiwe ubaoni?"

Akaenda kliniki. Daktari alidhani anaumwa jino, akamkalisha kwenye kiti kile cha kulalia, na mkeo akayasema yote humo humo, akitazama dari. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akapanga vyombo vyake, akavipanga tena.

"Shemeji," akasema, "mwaka mzima naenda mtoni kumkimbiza fundi nimpite. Kumbe nilikuwa mbele. Sasa nimkimbize nani?"

Mkeo akainuka kitini. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo mpaka mgonjwa wa pili akabisha hodi.

Katibu amepiga mstari mmoja juu ya ile ishirini na moja na nusu, akaandika ishirini na nusu kwa mwandiko wake mzuri. Ubao utawekwa Jumamosi hii una majina mawili, la daktari juu na lako chini. Ndivyo alivyotaka daktari. Kuwa peke yake alikataa kabisa. Lile ulilotaka kusema, Baba, limesemwa. Pumzika.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watano, wakwe zako, wajukuu kumi na mmoja, dada yako, wanachama wenzako wote. Na mwisho, kwa maneno aliyotuomba tuyaandike hivi hivi, daktari wa meno, uliyekuwa nyuma yake kwa nusu inchi na anayekusubiri umfikie.

Hatutaacha kukukumbuka, siku zote za uhai wetu.