Nilikuwaje Kabla ya Ziba?

Karakana ya Mussa,
Isevya, Tabora.
21 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Advera,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na Baba Vedasto, huko Masasi. Goti linaendeleaje? Mwanao Octavian aliniandikia kwamba siku hizi huwezi kupiga magoti kanisani, unasali umekaa. Kaa tu mama, Mungu haangalii magoti. Na mikorosho je, imeanza kuangusha?

Huku kwetu mvua bado. Ni vumbi na joto, na miti imekauka mpaka unadhani haitachipua tena. Mussa, yule fundi seremala ninayefanya naye kazi, anakusalimu ingawa hamjaonana.

Mimi sasa. Nimechana karatasi mbili kwa sababu ya neno "sijambo." Kila nikiliandika naona nakudanganya. Mama, si kweli kwamba sijambo. Nimeharibikiwa, na sijui nimkimbilie nani isipokuwa wewe.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Octavian amenipigia mara nyingi, napokea, nakaa kimya mpaka anakata. Mwambie si kiburi. Simu ikinifika sikioni maneno yananikimbia yote. Nikishika kalamu yanarudi, ila polepole.

Nianze na msiba. Ulisikia kwamba Baba Mkubwa Ezekia alifariki mwezi wa pili. Tulimzika palepale Ziba. Watu walikuwa wengi sana, na kila aliyesimama alisema marehemu alilea yatima kama wanawe wa kuwazaa. Kisha msemaji wa familia akaita, "Sasa tumsikie Nestory, mtoto aliyemtoa kwenye ukiwa."

Nikasimama. Mdomo nikaufungua, hakikutoka kitu. Nilikuwa naliangalia ghala la mahindi nyuma ya nyumba. Bado lipo, na mlango ni uleule. Nikakaa. Nyuma yangu mtu akasema, bila hata kunong'ona, "Fadhila ya punda ni mateke."

Sijawahi kukueleza yaliyokuwa Ziba, mama. Sitayaeleza yote leo, lakini hili lazima ulijue. Baba Mkubwa aliponichukua kwako Bukene, kabla hujahamia Masasi, nilikuwa na miaka saba. Aliniona sina adabu. Nikisemeshwa siangalii usoni. Nikiitwa na nipo kwenye jambo langu sisikii. Kelele za watu wengi zikizidi naziba masikio na kujikunja chini. Akasema Advera amemdekeza huyu, nitamnyoosha. Alininyoosha kwa fimbo, na fimbo ilipochoka alinifungia ghalani. Wakati mwingine saa chache. Wakati mwingine toka asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Hayo yalikwenda miaka tisa.

Baada ya msiba nikawa siwezi kulala. Mtu akigonga mlango narukia ukutani. Nilikaa siku nne nikiranda mbao za mninga, sili, sisemi, na siku ya tano sikuweza kunyanyuka kitandani. Magreth, mke wangu, alinipeleka kwa daktari mmoja, akasema ni sonona. Nikanywa dawa wiki sita. Mkono ukaanza kutetemeka, nikajikata kidole kwa msumeno. Tukaenda kwa mwingine, akasikia habari za zile siku nne, akasema si sonona tu, ni ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, akabadili dawa. Hizo zikanifanya gogo. Mama mkwe akasema hakuna ugonjwa hapo, nimechezewa. Wanajumuiya wa kanisa wakasema ni mapepo, wakaniombea. Kila mtu alikuwa na jina lake, mama, na kila jina nililivaa likanibana.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikuandikie. Naliandika nikiwa sinywi dawa yoyote.

Unajua nina binti, Flavia. Ana miaka saba. Hujamwona ila kwenye picha. Ni mtoto wa kukaa peke yake. Anajua majina ya vituo vyote vya treni toka Tabora mpaka Mwanza, na atakutajia kwenda na kurudi, lakini ukimuuliza amekula nini anakaa kimya. Sweta la shule halivai, anasema linamng'ata. Mwalimu wake alishatuambia huyu dawa yake ni fimbo. Nilimjibu mwanangu hajapigwa na hatapigwa. Na kweli, tangu azaliwe sikuwahi kumgusa.

Jumamosi moja mwezi wa sita jumuiya ilikuwa inasali kwetu. Sebule ilijaa. Watu walipoanza kuimba Flavia akaanza kupiga kelele, akajikunja chini ya meza ameziba masikio. Mzee mmoja akanigeukia akasema, "Baba, mtoto kama huyu hunyooshwa angali mbichi."

Mama, ninachokumbuka ni lile neno, kunyooshwa. Baada ya hapo nakumbuka mkono wangu uko juu ya komeo la stoo, ile tunayowekea mkaa, na Flavia yuko ndani. Nilisimama nje. Alilia, kisha akanyamaza. Ule unyamavu naujua mimi. Si wa mtoto aliyetulia, ni wa mtoto aliyeondoka akauacha mwili pale.

Nilidhani imepita dakika moja. Magreth anasema rozari nzima ilisaliwa na litania juu yake. Yeye alidhani nimempeleka mtoto uani apunge upepo. Alipokuja alinisukuma, akafungua. Flavia alikuwa ameupanga mkaa mstari mmoja, mkubwa mpaka mdogo, na alikuwa amejikojolea.

Magreth hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifunga nguo za mtoto, na kesho yake wakapanda basi kwenda kwao Choma. Wako huko mpaka leo.

Nimeung'oa ule mlango wa stoo, nikaukata vipande. Lakini mlango ni mbao tu. Ninayemwogopa ni mimi mwenyewe.

Mwezi wa nane Mussa alinishika mkono kama mtoto akanipeleka kwa daktari wa akili, kijana anaitwa Idrisa, huwa anakuja Tabora mwisho wa mwezi. Huyu hakuandika chochote kwa muda mrefu. Alinisikiliza. Niliposhindwa kusema alinipa karatasi niandike, na akasoma mbele yangu yote.

Akaniambia, "Fundi, kuna kiwewe cha mtu aliyeumizwa miaka mingi angali mtoto. Na kuna watu waliozaliwa na ubongo unaofanya kazi kwa namna yake, usonji ni mfano mmoja. Kwa nje vinafanana sana. Mtu haangalii machoni, anashtuka, anazidiwa na kelele, anajifungia, analipuka. Sonona nayo inaweza kukaa juu ya vyote viwili. Waliokuona kabla yangu kila mmoja aliona upande mmoja."

Nikamwuliza vinatofautishwaje. Akasema, "Sitazami tu unachofanya. Natafuta kilianza lini, na kwa nini unakifanya. Huniangalii machoni. Ni kwa sababu unaogopa kupigwa, au ni kwa sababu macho ya mtu yanakuumiza hata kama unampenda?"

Nikasema sijui.

"Ukiwa mahali salama kabisa, humwogopi mtu, bado unakuwa hivyo?"

Hapo nililia, mama, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, mbele ya kijana. Kwa sababu nilitafuta kichwani mahali salama kabisa nikapata mahali pamoja tu. Ni kwako Bukene. Na ya Bukene siyakumbuki. Nakumbuka harufu ya kanga yako, na sauti ya treni, basi. Baba Mkubwa alifuta mengine yote.

Daktari akauliza ni nani aliyenijua kabla ya miaka saba. Mama yangu alifariki nina miezi minne, baba sikumjua. Nikasema ni Mama Mdogo Advera peke yake. Akasema, "Basi mwandikie. Anachokijua yeye hakuna kipimo cha hospitali kitakachokiona."

Kwa hiyo nakuomba unikumbuke. Nilianza kusema lini? Uliponibeba nilikukumbatia, au nilikuwa nakaza mwili? Nilikuwa nacheza na watoto wa jirani au nakaa kando yao? Treni ikipita nilikimbia kuiona au nilijificha? Kulikuwa na nguo niliyoikataa, chakula nilichokitema? Uliponiita, nilikuwa nageuka? Karatasi ya daktari yenye maswali mengine nimeiambatanisha. Kama macho yanakusumbua Octavian akusomee, na yeye aandike utakayoyasema.

Usiandike la kunifurahisha. Mimi mwenyewe sijui niombe jibu lipi. Ukiniambia nilizaliwa hivi, maana yake miaka tisa nilipigwa kwa jinsi Mungu alivyoniumba, na Flavia ni damu yangu hasa, na mimi niliyepaswa kumjua kuliko watu wote ndiye niliyemfungia. Ukiniambia kwako nilikuwa mtoto wa kawaida, basi Ziba ndiyo iliyonitengeneza, na labda mwanangu amejifunza hofu kwa kunitazama mimi. Daktari anasema inawezekana vyote viwili vipo, na hilo ndilo analolidhania. Anasema kiwewe kina tiba, ni ndefu lakini ipo, na kwamba usonji si wa kutibiwa, ni wa kuujua na kuupangia maisha. Ila hawezi kuandika kwa kudhania. Naonana naye tena tarehe 26 Oktoba.

Na si kwa ajili yangu tu. Ukweni wanataka kumpeleka Flavia kwa mtaalamu mmoja wa kienyeji huko porini, anayekaa na watoto wiki mbili peke yao "kuwatoa mapepo." Magreth amekataa mpaka sasa, lakini yuko peke yake na wao ni wengi. Tukiwa na maneno ya daktari mkononi atakuwa na cha kuwaonyesha.

Nilikwenda Choma Jumapili ya tarehe nane mwezi huu. Mama mkwe alinipa maji ya kunywa, kiti hakunipa. Magreth alikuja tukasimama uani. Nikamwomba arudi. Akaniambia, "Nirudi kwa nani, Nestory? Kwako wewe, au kwa yule aliyesimama mlangoni? Ungefunga komeo kwa chuki ningekuelewa. Lakini macho yako yalikuwa hayamo."

Nilimwambia tu kwamba nitakuandikia wewe. Akasema, "Mwandikie. Nitasubiri mpaka daktari aseme. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Flavia alikuwa chini ya ukingo wa paa, anapanga magunzi ya mahindi. Hakunisalimia. Nilikaa chini, si karibu sana, nikachukua gunzi moja nikaliweka mwisho wa mstari. Akaliangalia. Akalitoa, akaliweka mahali pake, katikati. Nikaweka lingine. Akalirekebisha. Tulifanya hivyo mpaka basi langu lilipopiga honi barabarani. Hakuniangalia hata mara moja, wala mimi sikumwangalia, na sijui kama hiyo ilikuwa hofu au ndiyo namna yetu ya kuongea. Hicho ndicho kinachonila, mama. Sijui.

Kuna jambo moja la mwisho. Silisemi kukulaumu, Mungu ni shahidi.

Nikiwa na miaka tisa au kumi ulikuja Ziba. Ulileta sukari na shati la bluu. Shati nilipewa baadaye. Ulisimama uani ukasema, "Mwanangu yuko wapi?" Wakakuambia nimekwenda kuchunga, kwamba siku hizi nimekuwa mchungaji hodari. Ulikaa, ukasubiri, ukanywa uji. Ulisema utaachwa na gari. Nilisikia kila neno. Nilikuwa ghalani, mama, hatua kumi kutoka ulipokaa. Sikufungwa mdomo. Ningeita ungenisikia.

Sikuita. Miaka yote nimejiuliza kwa nini, na nimejiona mjinga. Daktari Idrisa anasema mtoto aliyezoea kupigwa kwa kutoa sauti husahau kwamba ana sauti. Labda. Ninachojua ni kwamba uliondoka, nikasikiliza kandambili zako mpaka zikaisha.

Siku ile sikukuita. Leo nakuita.

Msalimie sana Baba Vedasto, na Octavian na mkewe na watoto. Msalimie Bibi Mwamvita jirani yako, yule aliyenitumia korosho mwaka juzi. Mwambie Flavia alizipanga kwanza ndipo akazila. Mungu akutunze, akupe nguvu za goti na za kumbukumbu, na akuwekee mkono usiku na mchana huko uliko mbali.

Ni mimi, mtoto wako wa Bukene, nikupendaye hata nisipokuangalia,

Nestory