Jiko la Harusi Ndani ya Darasa Langu

Mama mpendwa,

Ni Ijumaa alasiri. Watoto wameshakwenda na mimi nimebaki peke yangu darasani. Tableti kumi na tano zimelala mezani zikichajiwa, kila moja na kijitaa chake cha kijani, na upepo wa ziwa unaingia dirishani taratibu. Nimejibana kwenye dawati la mtoto, magoti yanagusa mbao, na nakuona. Sisemi nakukumbuka, nasema nakuona: unapita kati ya madawati, kitenge umekifunga kiunoni, unaangalia nani amechoka. Huu ni mwaka wa tatu tangu Mungu akuchukue, na hujawahi kunijia hivi mchana kweupe. Sitaki hata kupepesa macho.

Unajua mimi si mtu wa barua. Ulikuwa ukinitania kwamba mwalimu mzima najua kuandika ubaoni tu. Lakini kuna jambo lazima nikwambie kabla ya kesho asubuhi, na siwezi kulifikia bila kupita kwanza kwenye ua wetu wa Buyenzi.

Siku za harusi ua ule haukuwa wetu tena. Alfajiri wanawake wa mtaa waliokuja kupika walikuwa wameshajaa, nami nikiamka nasikia maji yakimwagwa na vicheko vya chini chini. Uliwagawa sehemu nne: wa vitunguu na viazi, wa nyama, wa pilau, na wa masahani. Hukuwaacha wakae na marafiki zao. Bibi harusi wa mwaka jana ulimweka karibu na mama mtu mzima, wawili wasiosemeshana ukawatenganisha ua mzima, na yule mwenye maneno mengi ukampeleka kwenye masahani akawachangamshe wenzake. Hakuna aliyekaa kwenye moshi mpaka jioni. Ikifika saa ya kubadilishana, uligonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Mlio wa kwanza, maliza ulicho nacho mkononi. Wa pili, ondoka.

Ila kila sehemu alibaki mmoja. Ulimwita mwenyeji. Siku moja mwenyeji wa pilau nilikuwa mimi, nina miaka kumi na miwili, macho yananiwasha, nikataka kukimbilia viazi pamoja na wengine. Ukanishika bega.

"Apana, we Zena. Usitoke apo mupaka mwenzako afike. Umuambie chumvi iko ama haiko. Umuambie moto iko wapi. Kisha wende."

Mwaka ule malaria ilipokulaza, harusi ya barabara ya nyuma ilipikwa bila wewe. Wanawake wakabadilishana, kila mmoja akiondoka kimya, na kila aliyefika akadhani chumvi bado. Pilau ikatiwa chumvi mara tatu. Wageni walikula ndizi na kusifu soda. Ulipoletewa habari kitandani ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Hakuna mutu alimuambia mwenzake. Ni iyo tu."

Sasa nikulete hapa shuleni Kinindo. Mwanzoni mwa mwaka huu tulipewa tableti hizi, na sisi walimu tukapelekwa kwenye semina Rohero tujifunze kufundisha kwa vituo. Mtaalamu alituchorea miduara minne na mishale ya kutoka mduara mmoja hadi mwingine. Kikundi kimoja kwenye tableti, kingine kwenye daftari, cha tatu kinapima kwa kamba, maharage na chupa za maji, cha nne kiko na mwalimu. Baada ya dakika ishirini mnahama. Nilirudi nimefurahi. Mishale ilikuwa mizuri kweli, lakini haikunionyesha watoto sitini wakiinuka kwa pamoja.

Mama, ilikuwa vurugu tupu. Walikutana wote katikati ya darasa, wa tableti hawataki kutoka, wa daftari wanawavuta mikono. Chupa ikamwagika juu ya madaftari. Tableti moja ikaanguka ikapasuka kioo. Na mimi mwerevu wako nilikuwa nimewapanga kwa alama, wepesi peke yao, wazito peke yao, nikidhani nawasaidia. Kikundi cha wazito kilikaa kinaangaliana tu, hakuna wa kumuuliza mwenzake. Direkteri, mkuu wetu wa shule, alinipa mpaka mwisho wa muhula. Darasa lisipotulia, alisema, tableti zinarudi kabatini na kufuli juu yake. Wengi wa watoto hawa hawana nyingine ya kugusa, hata kama getini unaona magari mazuri.

Kisha akaja Nadine, msichana mpole wa safu ya nyuma, ameishika tableti kwa mikono miwili.

"Mwalimu, inasema jana nimepata kumi juu ya kumi, mara tatu."

"Hongera, Nadine."

"Lakini jana mi sikuja."

Jina la Nadine lilikuwa limebaki wazi kwenye tableti tangu juzi; hakuna aliyefunga jina lake wakati wa kuondoka, na hakuna aliyeambiwa alifungue lake. Kila kikundi kilikaa na kuendelea kwa jina walilolikuta, wakarudia zoezi lile lile, na alama zote zikamwangukia mtoto aliyekuwa nyumbani na homa. Nilianza kucheka mbele yao, nikashindwa kunyamaza. Pilau yangu ilikuwa imetiwa chumvi mara tatu.

Kesho yake nilikuja na mfuniko wako na mwiko wako kwenye mfuko. Niliyavunja makundi yote. Nilimweka mwepesi karibu na mzito, nikawatenga marafiki, mwenye maneno mengi nikampa kona ya vipimo. Kila kona nikachagua mwenyeji. Mlio wa kwanza: maliza unachoandika, funga jina lako. Wa pili: ondoka, kwa kufuata ukuta, upande mmoja tu. Mwenyeji anabaki dakika tatu kuwapokea wanaokuja, awaambie wenzake wamefika wapi na kipi kimewashinda, kisha anawafuata wa kwake.

Wiki ya kwanza walinicheka. Ya pili walizoea. Na Jumanne hii, mama, laiti ungekuwepo. Niligonga, wakainuka karibu bila sauti, wakaanza kuzunguka kando ya kuta, na mwanga wa asubuhi ukawa unawapita mmoja mmoja. Nadine alikuwa mwenyeji wa tableti. Nilimsikia akiwaambia wenzake kwa sauti yake ndogo, "Swali ya nne ni ngumu, musiikimbie, muchore kwanza." Nilisimama na mwiko mkononi sijui niko Kinindo au Buyenzi. Nilihisi moshi puani, nakuapia. Mikono yangu ilikuwa ya kwako.

Direkteri alikuwa mlangoni na saa yake. Wote walikuwa wamekaa kabla hajamaliza kuhesabu dakika moja.

"Safi sana, mwalimu Zena. Hii umeisoma wapi?"

Nikajibu haraka, bila kufikiri, "Kwenye formasio, bwana direkteri. Ile ya Rohero."

Akaitikia kwa kichwa, akafurahi, akasema Jumamosi niwafundishe walimu wote. Alipoondoka nilibaki nimeshika mfuniko wako na uso unaniwaka. Maana si mara ya kwanza.

Hatukuwahi kulizungumza lile la kwanza. Nilikuwa na miezi miwili tu katika shule hii. Uliniletea chakula getini, umetoka moja kwa moja kwenye harusi, kitenge kinanuka moshi, vidole vya manjano kwa bizari. Wazazi walikuwa wanashusha watoto kwenye magari. Direkteri aliuliza kwa adabu kabisa, "Huyu mama ni wa kwenu?" Nami nikasema, "Ni jirani yetu."

Ulinitazama kidogo tu. Buyenzi nzima ilikujua kwa jina la Mama Zena, sikuwahi kusikia ukiitwa vingine. Siku ile ulilivua jina langu pale getini ili nisiaibike.

"Ndiyo, mi jirani yake. Naitwa Hadija. Mama yake ndiye amenituma."

Jioni uliniuliza kitu kimoja: wali ulifika ukiwa wa moto? Nikasema ndiyo. Ukasema vizuri, ukaendelea kukunja nguo. Nilingoja unigombeze, siku hiyo, wiki hiyo, miaka yote iliyofuata. Mara nyingi nilifungua mdomo nikuombe msamaha, nikaona umechoka, nikasema kesho. Nimekosa sana, mama. Nilikuwa mjinga na nilikuonea haya wewe uliyenilea kwa mikono ile ile.

Kwa hiyo barua hii si ya kuweka sandukuni. Kesho saa tatu walimu wote watakuwa wamekaa kwenye madawati haya. Kabla ya kugusa tableti hata moja, nitaisoma yote, pamoja na uongo wa Jumanne, pamoja na wa getini. Direkteri atakaa mbele, ndiyo kawaida yake. Nilitaka kuandika kwamba sijali atakachosema, lakini naogopa. Nitaisoma hivyo hivyo.

Jua limeshuka kwenye madawati na siku hii inakwisha. Sikuzuii tena. Nenda ukapumzike, mama, Mungu akuweke mahali pasipo na moshi, na wengine wapike.

Wakiniuliza kesho yule mwanamke wa getini alikuwa nani, nitajibu kwamba alikuwa Mama Zena, na Zena ni mimi.

Mtoto wako