Kiti cha Bukavu

Baraka, Jumamosi jioni

Kiti cha mkuu wa masomo kule Bukavu ni changu nikikitaka. Mkurugenzi wa taasisi yetu ameniambia leo kwenye salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, tukifyeka majani nyuma ya madarasa. Kukataa cheo huonekana kama kudharau Chama kinachotawala. Nikaendelea kufyeka.

Mama Riziki, mwalimu mwenzangu, aliyesikia yote, alicheka, panga mkononi. "Citoyen, ukitoka ku bureau, umenuna. Ukitoka mu darasa, chaki iko mpaka ku ndevu, na unaimba! We unauliza nini tena?"

Sikujua kama naimba. Miaka yangu yote ya kuripoti redioni, kabla sijawa mwalimu, sikuwahi kuimba. Namshukuru kuliko anavyodhani.

Hofu bado ipo. Jumatatu, kabla ya somo la asubuhi, nitamwambia mkurugenzi kwamba nabaki hapa.