Chuma Kilichokatikia Ndani ya Hedi

Voi, Jumanne, Agosti 1956

Kimetoka, lakini sina raha. Jana nililazimisha chuma cha kung'olea bolti iliyokatika, nacho kikakatikia ndani ya silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini ya lori la shemeji Mwakio. Drili haikukitoboa. Leo nimekichomelea nati, nikazungusha kingali moto, kikatoka na bolti yake.

Shemeji akauliza, "Nani alikatia chuma humu?"

Nikasema, "Yule fundi wako wa Taveta." Na yule hajawahi kuigusa hedi hiyo.

"Kesho nikifika huko atanitambua!"

Aibu gani hii. Shemeji amelala chumba cha pili, anaondoka alfajiri.

Nimemweleza mke wangu yote. Amesema tu, "Ndugu yangu huyo. Mwamshe."

Bado nimekaa hapa naandika.