Odette Aliulizwa Mwisho

Likasi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu huko Kalemie. Magoti yako yanasemaje na baridi hii? Bado unapanda kilima kwenda kanisani kwa miguu? Watoto wako salama, wanasoma.

Naandika kwa sababu kwenye simu sauti inanikatikia. Nilikwambia mke wangu anakohoa tu. Nilikuficha, Mama. Odette ana kansa ya mapafu. Daktari wa Lubumbashi aliposema, nilimwomba arudie. Mtu ambaye hajavuta sigara hata siku moja!

Haiwezekani kupasua, imeshatambaa. Ila kuna dawa ya kutiwa kwenye mshipa, inaitwa imunoterapi. Inaamsha askari wa mwili ili wenyewe waipige kansa. Walipima kipande cha uvimbe wakaona huenda itamfaa. Lakini sisi tumeelekezwa Lusaka, kwenda na kurudi kila baada ya wiki tatu.

Basi nikaanza kuzunguka kuuliza watu. Kaka zake Odette walisema tuuze nyumba, aende. Mchungaji wa dada yake akasema dawa hiyo ni kukosa imani. Fundi mwenzangu kiwandani akasema shangazi yake alitiwa, akafa vilevile. Leo nasema aende, kesho nasema abaki. Chakula kilikuwa hakina ladha mdomoni.

Siku moja tulikuwa sebuleni na kaka zake, tunabishana. Odette akatoka jikoni na mwiko wa kusongea bukari mkononi.

"Miye njo mugonjwa," akasema. "Nani kati yenu aliniuliza?"



Tukarudi kwa daktari wa Lubumbashi, na safari hii aliongea Odette mwenyewe.

"Dokta, dawa hii itaniponesha, ao itaniongezea tu siku?"

Daktari alivua miwani. "Mama Odette, sitakudanganya. Kupona kabisa siahidi. Wengine inawapa muda mzuri, wengine haiwasaidii kitu. Na inaweza kudhuru mapafu yenyewe, ao tumbo. Pumzi ikikatika, ao ukihara sana, usingoje, kuja mbio."

"Nitajua lini kama inanikubali?"

"Baada ya miezi kama mitatu tutapiga picha tena."

Akanigeukia. "Nitajaribu mpaka hiyo picha. Kama haisaidie, munirudishe kwangu, musinitembeze tena mu barabara. Weye unakubali?"

Nilikubali. Sijawahi kusema neno zito kama lile.

Ametiwa mara mbili sasa. Ngozi inamwasha, anachoka upesi. Lakini juzi alimaliza samaki mzima wa ziwa Tshangalele, kisha akanigombeza kwamba namuuliza hali kila dakika. Kama kansa inarudi nyuma, bado hatujui. Nyumba hatukuuza, kaka zake wanasaidia, na mimi niliuza pikipiki yangu.

Mama, kwetu watu wanajaa wakati wa kilio. Wanasafiri siku nyingi kuja kuzika. Mimi nakuomba uje sasa, akingali anaweza kukupikia na kukaa nawe mkinisema.

Nisalimie dada Béatrice anayekutunza, baba mdogo wa gereji, na yule mama jirani anayekuchotea maji.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Donatien

Mama, nimemunyang'anya kalamu. Usilete dawa ya mizizi, na usilie njiani. Leta mawese ya kwenu, na nguo za kukaa mwezi mzima.
Odette