Pampu Uliyokataa Nibadilishe

Mama,

Leo nakuandikia bila mgomba katikati yetu. Tangu nimwoe Nekesa binti yako, hatukupeana mkono hata siku moja wala kuketi chumba kimoja, maana sisi Wabukusu tunajua mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana. Nilipokuja Mabanga kutengeneza gari lako, ulisimama nyuma ya migomba ukaielezea migomba shida ya gari, nami nikaijibu injini. Majirani walicheka sana. Ila kwenye simu ulikuwa huru. "Simu haina macho," ulisema.

Na simu yako ilikuwa na habari moja tu. "Fundi, pampu imekufa tena. Kuja na Nekesa na watoto, wasukume."

Wasukume! Gari limekwama uani, litasukumwa liende wapi? Sikuuliza. Nilifunga gereji yangu hapa Kitale, nikapakia mke na watoto, tukaja. Nikifungua boneti, kila mara ilikuwa kitu kilekile: ile nati ndogo inayoshika waya wa pampu ya petroli imelegea. Naikaza, nageuza ufunguo, pampu inaanza tak-tak-tak, inapunguza mwendo, inanyamaza ikishiba. Kazi ya dakika chache. Lakini kuku alikuwa ameshachinjwa, basi tukalala.

Nililaumu mashimo ya barabara. Niliweka springi washa, ile pete ya chuma inayozuia nati kulegea, nati ikalegea. Nikakuomba tuitoe hiyo pampu ya kizamani tuweke mpya, ukajibu kupitia migomba kwamba iliyokuja na gari itatoka na gari. Mama, ulikuwa na kichwa kigumu! Nilirudi Kitale nikinung'unika mpaka Nekesa akaniambia nitazame barabara.

Baada ya kukuzika, mumeo, Mzee, alisema Nekesa achukue gari. Mimi ndiye niliyeliendesha. Nilipokalia kiti chako nilishuka tena, nikalizunguka, nikakuomba ruhusa kwa sauti. Kisha nikalia mbele ya watu wote. Sikujua kwamba nilikupenda kiasi hicho. Nafasi ya kukuambia sikuwahi kuipata.

Gari lilikaa nasi tangu mavuno hadi wakati wa kupanda. Lilibeba mbolea kutoka Ndalu, likapita mashimo mabaya kuliko yenu yote. Pampu haikufa hata mara moja. Nikajisifu kwamba springi washa yangu imeshika.

Halafu Mzee akaomba lirudishwe. Kuendesha hajui, lakini alisema asubuhi zimekuwa kimya mno, anataka tu kugeuza ufunguo asikie ile tak-tak yako. Tukalirudisha. Haukupita muda mrefu Mzee akapiga simu. "Hii kitu imekufa bana. Kuja na watoto."

Nilikasirika, nikuambie ukweli. Kazi ilikuwa imejaa gereji. Nikanunua pampu mpya, ya aina ile iliyozibwa kila upande, ambayo waya wake unachomekwa ukabana, haina nati yoyote ya kulegea. Nikasema leo kesi hii inaisha, hakuna mtu ataniita tena Mabanga kwa sababu ya pampu. Nekesa alitazama dirishani kutoka Kiminini mpaka Webuye.

Nikafungua boneti. Nati imelegea. Lakini gari halikuwa limetoka uani tangu tulilete. Nyasi zilikuwa zimeota kuzunguka magurudumu. Nikamtazama Mzee. Mzee akatazama kuku. Kwenye mfuko wa koti lake ilikuwa imetokeza spana yangu ndogo, ile niliyoitafuta gereji nzima mpaka nikakata tamaa.

"Ni mama yenu alinionyesha," akasema. "Ati mkikawia kuja, niigeuze kidogo tu."

Mama! Na mimi nilikuwa nailaumu serikali! Kumbe ulikuwa na hamu ya kutuona, na ulijua fundi wako haachi gereji kwa sababu ya kuku. Kwa sababu ya gari, huyo anakuja mbio. Nekesa aliketi kwenye nyasi akacheka na kulia pamoja, Mzee akacheka, nami nikaegemea boneti nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Ua ule ulikuwa haujasikia kicheko tangu siku tulipokuzika.

Pampu mpya nimeirudisha dukani. Yako nimeifungua, nikasafisha platini zake, vile vichuma vinavyogusana kupitisha umeme, na kubadilisha ule mpira wa ndani uliozeeka. Iliyobaki ni ileile iliyokuja na gari, na ni nzima. Ningeiweka ile nyingine, Mzee angetuitaje? Angeanza kusema anaumwa mgongo, nasi tungeanza kusema tutakuja Krismasi. Unatujua.

Mwaka huu mvua imekuja vizuri. Migomba yako imezaa, na watoto wameshajifunza kuisikiliza pampu wakajua imeshiba. Mkubwa anasema atakuwa fundi. Nimemwambia aanze kwa kujua nati hailegei yenyewe.

Basi pumzika, Mama. Mkono ambao hatukupeana nimeuweka kwenye usukani wako, nadhani umeupokea. Mzee akipiga simu, nitakuja. Asipopiga, nitakuja pia, na nitaleta watu wa kusukuma.

Nati nimeikaza sawasawa. Spana nimemwachia.

Mkwe wako,
Fundi